Besi ya Tabora, kutoka ngoma ya msafara hadi sabufa

Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipita hapa kwa miguu, na ilisikika kabla ya kuonekana. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton, aliyeingia Kaze, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, alisimulia ngoma, baragumu na nyimbo za wapagazi. Sauti nyembamba humezwa na hewa na vichaka. Mdundo mzito ndio unaotangulia kufika.

Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi muziki, wa Wanyamwezi ukiwamo. Alishika kipaza sauti mkononi, akakisogeza kwa mwimbaji, akakirudisha nyuma ngoma ilipozidi. Besi ilipimwa kwa hatua za miguu.

Mwaka uliofuata ikaanza redio ya Sauti ya Dar es Salaam, na huko Marekani Leo Fender akatoa gitaa lake la besi la umeme. Tabora ikawa mji wa bendi: Kiko Kids, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz ya akina Shem Karenga, mtu wa Kigoma. Wengi walizijua kwa redio. Hapo palikuwa na kazi: uzi mnene wa besi hutoa mtetemo wa hezi 41, na spika ya redio ya mkulima, yenye upana wa kisahani cha chai, haiwezi kuutoa. Msikilizaji huletewa milio ya juu ya uzi uleule. Ubongo wake hujazia chini. Ndiyo maana, kwa sikio langu, besi za zamani zilizotembea kama zinaimba bado zinasikika hata kwenye simu, wakati nyingi za leo, zinazonguruma tu, hupotea.

Santuri nazo zilikuwa na masharti yake. Besi ikizidi, sindano huruka. Kwa hiyo mafundi waliipunguza wakati wa kuchonga, na gramafoni ikairudisha wakati wa kupiga.

Siku hizi studio ni chumba cha kulala Ng'ambo au Isevya, hapa Tabora, kompyuta mezani na spika mbili zimesukumwa kwenye kona. Kona huvimbisha besi. Prodyuza anaipunguza, wimbo ukitoka nje unakuwa mkavu. Mwingine anachanganya usiku kwa sauti ndogo asiwaamshe majirani. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha tangu 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, besi husikika hafifu zaidi sikioni. Basi anaongeza, na kesho yake sabufa ya kinyozi inatikisa vioo.

Kijana, vuta spika zako kutoka kwenye kona. Weka wimbo wa Tabora Jazz kando ya wako, zote kwa sauti sawa, usikilize kwa simu kisha kwa sabufa. Besi ikipotea kwenye simu, usiongeze chini kabisa. Nyanyua kidogo mlio wa kidole kwenye uzi, kati ya hezi 700 na 1,000.