Usinga Juu ya Mwamba

Hapa kwetu Kisesa, katika nyumba ya kumbukumbu ya Wasukuma iliyoko Bujora, liko jengo lililofanywa kwa umbo la kiti cha mtemi. Mgeni aweza kushangaa, kwa kuwa kiti ni kitu cha kukalia tu. Msukuma hashangai. Yeye ajua ya kuwa kiti kile ni utawala wenyewe.

Tulilikumbuka jambo hilo tulipofikiri habari za michoro ya miambani. Huko Kolo, katika nchi ya Kondoa, watu wa kale walichora kwa rangi nyekundu wanyama, na watu wembamba wenye mapambo makubwa vichwani. Mary Leakey aliinakili michoro hiyo mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia. Wako wasemao kwamba ni mchezo wa wachunga mbuzi tu. Sisi hatukubali.

Na tuwatazame Wasani, waliochora miamba ya Drakensberg, kusini mwa Afrika. Katika michoro yao twaona mara nyingi usinga, yaani mkia wa mnyama uliofungwa kijitini. Mtu atasema ni wa kufukuzia nzi. Lakini Wasani wa Kalahari waliushika hasa katika ngoma ya uponyaji, wanawake wakiimba na kupiga makofi, waganga wakitetemeka hata kuzimia. Kwa usinga walipeperusha mishale ya ugonjwa isiyoonekana kwa macho. Basi aliyechorwa na usinga mkononi, hafukuzi nzi.

Au kijiti cha kuchimbia mizizi, chenye jiwe lililotobolewa ili kukitia uzito. Mwanamke alitafutia chakula kwacho. Naye alipotaka kusema na wafu, alipiga chini kwa jiwe lile lile. Habari hii ilisimuliwa na Wasani, wengine wao wafungwa, kwa Wilhelm Bleek na Lucy Lloyd, walioiandika huko Cape Town tangu miaka ya 1870. Lugha ya wasimulizi wale imekwisha kufa.

Hatusemi kwamba maana za kusini ndizo za Kolo. Nchi ni mbali, na watu ni wengine. Lakini karibu na Kondoa wako Wasandawe. Katika karne ya 20 Eric ten Raa alikaa kwao, akaambiwa habari za michoro iliyohusu matambiko ya ukoo na ngoma yao iitwayo simbo. Wazee wale waliulizwa wangali hai. Waliochora Kolo hawakuulizwa na mtu.