Kibandiko cha Ndege na Waridi la Kenya

Kabla hujaandika programu ya kupima hewa ya ukaa ya kampuni, hebu ijue historia hii.

Mwaka 2007, maduka ya Tesco na Marks & Spencer kule Uingereza yalianza kubandika picha ya ndege kwenye vyakula vilivyoletwa kwa ndege. Hoja yenyewe: kilichotoka mbali ndicho kinachochafua zaidi. Wakulima wetu wa mishiri na maua wakaingiwa na hofu. Soko lingekwenda!

Mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Cranfield kilipiga hesabu kamili. Maua 12,000 ya waridi kutoka Kenya, safari ya ndege ikiwemo, yalitoa takriban kilo 6,000 za hewa ya ukaa. Idadi hiyohiyo kutoka Uholanzi ilitoa kilo 35,000. Kwa nini? Huku tuna jua. Kule nyumba za vioo hupashwa joto na kumulikwa taa.

Tesco nayo iliahidi mwaka 2007 kuandika kiasi cha kaboni kwenye bidhaa zake zote, kama 70,000. Mwaka 2012 ikaacha, kazi ilikuwa kubwa mno.

Mwaka 2011, GHG Protocol iligawa hewa chafu ya mnyororo wa ugavi katika mafungu 15. Usafirishaji wa bidhaa ni mawili tu.

Basi hifadhidata yako ikibeba kilomita peke yake, itatoa jibu la haraka lakini la uongo, na atakayepunjwa ni mkulima.