Daraja la kale la reli lililookolewa na ukaguzi

DARAJA la reli la Ribblehead, lililoko Yorkshire kaskazini mwa Uingereza, lilianza kujengwa mwaka wa 1870. Lina matao 24, urefu wa mita 400 hivi na kimo cha mita 32. Nguzo zake ni za mawe ya chokaa, nayo matao yamejengwa kwa matofali.

Uthabiti wa tao hutokana na mzigo wenyewe. Uzito ulio juu huyabana mawe au matofali pamoja, kisha hushuka nguzoni hadi kwenye msingi. Ndiposa madaraja mengi ya kale yangali yanabeba magarimoshi ya kisasa, mradi umbo la tao halijapotoka na msingi haujatikisika.

Adui mkubwa ni maji. Mvua hupenya kifusi kilicho chini ya reli na kuiosha chokaa inayoshikanisha mawe. Wakati wa baridi kali maji hayo huganda, hutanuka na kusababisha nyufa.

Hayo ndiyo yaliyolipata Ribblehead. Kufikia 1984, Shirika la Reli la Uingereza lilikuwa limetoa ilani ya kuifunga njia ya Settle hadi Carlisle, likitaja gharama ya kulikarabati daraja hilo. Mnamo 1985, njia mbili za reli juu yake zilipunguzwa hadi moja ili kulipunguzia mzigo. Zaidi ya watu 22,000 waliwasilisha pingamizi.

Ukarabati wa majaribio ndio uliobadilisha mjadala: ulidhihirisha kwamba kazi ingegharimu pesa chache mno kuliko ilivyodaiwa. Aprili 1989, serikali ilikataa njia hiyo ifungwe. Daraja likakarabatiwa, na sehemu yake ya juu ikawekwa utando usiopitisha maji.

Hata hivyo, kazi ya aina hii haina mwisho. Mnamo 2020 na 2021 mafundi walirejea kurekebisha mawe yaliyopasuka, kujaza chokaa iliyobanduka na kung'oa mimea iliyoota kutani.

Leo hii magarimoshi ya abiria na ya mizigo yangali yanapita hapo kwa njia moja ya reli. Funzo ni kwamba daraja la kale lisihukumiwe kwa makadirio ya ofisini kabla ya wahandisi kulikagua tao lenyewe.