Mbwa wa Washenzi

Mwaka 1937, kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts jijini London, watu walisongamana kutazama mbwa wadogo waliotoka Kongo: manyoya mafupi, masikio wima, mkia umejikunja juu ya mgongo, paji la uso lina makunyanzi kama la mzee anayewaza deni. Kilichowavuta zaidi ni habari kwamba mbwa hao hawabweki. Jina lao liliandikwa basenji, na ndilo walilo nalo hadi leo katika vitabu vya wafugaji wa dunia nzima. Mwingereza aliyelisoma alisikia sauti ngeni yenye kupendeza. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi: ni washenzi, ila kiambishi wa- kimekuwa ba- kama ilivyo katika lugha nyingi za Kongo. Kwa Kilingala husemwa mbwa na basenji, mbwa wa washenzi. Ni jina la dharau na hakuna haja ya kulipamba. Lakini lina neno moja dogo la umilikaji katikati, na hilo ndilo lenye uzito. Aliyelitamka alikusudia kuwatukana watu, na katika kuwatukana akakiri kwamba mbwa yule ana wenyewe. Masimulizi mengi yaliyofuata yalisahau ungamo hilo. Yakamweleza kama mnyama wa porini aliyeokotwa, akaja kuonja mapenzi ya binadamu alipofika Ulaya. Naona masimulizi hayo yamepinduka: uhusiano wa mbwa huyu na watu ulikuwepo kabla ya meli yoyote kumbeba, na afya yake ilitetereka pale uhusiano huo ulipokatwa.

Neno lenyewe lina safari yake, na sisi wa pwani hatuwezi kunawa mikono. Mshenzi alikuwa kinyume cha muungwana: mtu wa bara, asiyeswali, asiyejua mambo ya mji. Misafara ya karne ya 19 ilipotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, kisha ikavuka Ziwa Tanganyika hadi Umanyema, mashariki mwa Kongo, neno hilo lilikwenda pamoja na shanga na vitambaa. Wabelgiji walipotawala Kongo, basenji akawa mtu wa kijijini asiyesoma, wa kutofautishwa na yule aliyehesabiwa kuwa amestaarabika. Walowezi wa Kenya nao walilichukua, na mbwa yeyote asiye na nasaba ya Kizungu wakamwita "shenzi". Mbwa alikuwa ameshushwa tayari huku kwetu kwa sababu ya najisi, maana madhehebu ya Shafi yanataka chombo alicholamba kioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo. Hata hivyo sheria hiyo hiyo inaruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda mazao, na wasasi wa vijiji vya Unguja wamewatumia mbwa dhidi ya nguruwe mwitu wanaoharibu mashamba bila kujiona wametoka katika dini. Methali ya "ukicheza na mbwa atakufuata hadi msikitini" inaonya juu ya mazoea yasiyo na mpaka, na mtu hawezi kuonywa juu ya mazoea asiyokuwa nayo.

Ushahidi wa kwanza wa uhusiano wa kale umo vinywani mwetu. Waganda husema embwa, Wanyarwanda imbwa, Washona imbwa, Wakongo mbwa. Lugha zilizoachana maelfu ya miaka zinapobaki na neno moja, maana yake babu zao walikuwa nalo kabla ya kutawanyika, na aliye na neno la mbwa ana mbwa. Ushahidi wa pili ni wa maumbile. Mbwa alitokana na mbwa mwitu wa kaskazini ya dunia, wale wa Ulaya na Asia, na hakuna mbwa mwitu wa jamii hiyo katika msitu wa Kongo. Kwa hiyo kila mbwa aliyepata kukanyaga majani ya msitu wa Ituri huko Kongo aliingia humo akiwafuata watu. Aliletwa, akazaliana karibu na moto wa watu, akala alichobakiza mwindaji. Kumwita mnyama wa msitu ni sawa na kumwita mgeni wako mwenyeji wa barabara aliyopitia.

Ushahidi wa tatu ninaupenda kuliko yote, nao ni kengele. Georg Schweinfurth, mtaalamu wa mimea wa Kijerumani aliyefika kwa Waazande mwaka 1870, aliwaona mbwa wadogo wenye masikio wima na mkia uliojikunja kama wa nguruwe, wakiwa wamefungwa shingoni kengele ndogo za mti ili wasipotee katika nyasi ndefu. Fikiria inavyofanya kazi. Basenji si bubu, maana hulia, huguna na hutoa sauti iliyo karibu na wimbo, lakini habweki mfululizo anapofukuza mnyama. Mwindaji aliyesimama kwenye wavu hawezi kumwona, na asipomsikia, kazi imeharibika. Basi mtu aliketi, akachonga mti kwa kipimo cha shingo ya mbwa, akampa sauti ambayo koo lake halikumpa. Kisha akamwachia aende mbali, kwa imani kwamba atarudi. Kwa Wakongo wa magharibi kengele hiyo, dibu, ilivuka mipaka ya uwindaji ikawa chombo cha waganga, kwa kuwa mbwa, anayelala kijijini na kuwinda porini, alihesabiwa kuwa anaijua njia kati ya walio hai na waliokufa. Sanamu ya nkisi, yaani ya uganga, iitwayo Kozo ni mbwa wa mti mwenye vichwa viwili, kimoja kila upande, macho manne, atazame dunia zote mbili. Watu hawamkabidhi mnyama wasiyemjali kazi ya namna hiyo.

Vitabu vya wafugaji havikuikosa historia kabisa, ila viliitafuta mbali. Vinapenda michoro ya makaburi ya Misri, yenye mbwa wa masikio wima na mkia uliojikunja, na kusimulia kwamba basenji alikuwa zawadi kwa Mafarao. Misri iliwapenda mbwa kwelikweli: maandishi yaliyopatikana Giza yanamtaja Abuwtiyuw, mbwa mlinzi wa mfalme zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, aliyezikwa kwa kitani na ubani katika kaburi lake mwenyewe. Lakini kufanana mkia si nasaba. Na hata tukikubali hadithi hiyo, kati ya Farao na Crufts kuna maelfu ya miaka ambayo mtu fulani alimlea mbwa huyu. Hadithi inampa Farao heshima ya kumpokea, inampa Mwingereza heshima ya kumgundua, na Mwazande anarukwa.

Atakayenipinga ana shahidi mzito. Mwanaanthropolojia Colin Turnbull, aliyeishi na Wambuti, wawindaji wa Ituri, na kuwapenda, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1961 kwamba mbwa wao, pamoja na thamani yao, hupigwa mateke tangu kuzaliwa hadi kufa. Schweinfurth naye alidai kwamba nyama ya mbwa ilikuwa kitoweo cha fahari kwa Waazande. Siwezi kuyafuta hayo, wala sitaki. Ninachokataa ni hitimisho kwamba panapo teke hapana uhusiano. Kama hoja hiyo ingekuwa sahihi, Uingereza isingekuwa na uhusiano wowote na mbwa, kwa maana chama cha kuzuia ukatili dhidi ya wanyama kilianzishwa London mwaka 1824 kwa sababu wanyama waliteswa mitaani mchana kweupe. Kupiganisha mbwa kulipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1835, na mikokoteni ya kukokotwa na mbwa ikaondolewa London kwa sheria ya mwaka 1839. Kuthaminiwa na kuonewa vimeishi nyumba moja kila mahali ambapo mnyama ana kazi. Ustawi wake tuupime kwa mambo mengine pia: kama anatembea huru, kama anafanya alichoumbiwa mwili wake kufanya, kama ana afya, kama uzao wake unadumu. Kwa vipimo hivyo Kongo haikufanya vibaya, na Ulaya haikufanya vizuri kama inavyodhaniwa.

Maana mikono iliyojaa mapenzi iliwaua wengi. Jozi iliyoonyeshwa Crufts mwaka 1895 ilikufa upesi kwa distempa, homa ya virusi inayoua mbwa. Lady Helen Nutting alisafirisha mbwa 6 kutoka Sudan mwaka 1923; wote walikufa katika karantini. Olivia Burn alileta wengine mwaka 1929, wakafa. Ni wale aliowaleta mwaka 1936, akina Bongo na Bokoto, walioishi hadi maonyesho ya mwaka uliofuata. Haikuwa nia mbaya, kwani chanjo ya kutegemewa ilikuwa bado changa. Tatizo la kudumu lilikuja baadaye, nalo lilitokana na fikra. Mara mbwa wachache walipofika, kitabu cha nasaba kilifungwa: basenji halali ni mtoto wa basenji aliyeandikwa. Ndugu wakapandana na ndugu, vizazi kwa vizazi. Kufikia miaka ya 1960 uligunduliwa upungufu wa damu wa kurithi. Wafugaji waliwaondoa wenye kasoro, na kwa kuwaondoa wakaupunguza tena ukoo uliokuwa tayari mwembamba. Ukafuata ugonjwa wa Fanconi, ambao figo huvujisha sukari na chumvi kwenye mkojo, mbwa akanywa maji bila kukata kiu huku mwili ukiisha.

Dawa ilitafutwa kwa nani? Mfugaji mashuhuri wa Kiingereza, Veronica Tudor-Williams, tayari alikuwa amekwenda kusini mwa Sudan mwaka 1959 na kurudi na jike aliyemwita Fula, ambaye damu yake sasa imo karibu katika kila basenji aliyesajiliwa. Wamarekani walikwenda Zaire, yaani Kongo, mwaka 1987 na 1988, wakaingia vijijini kutafuta mbwa, wakiwemo wenye milia ambao Ulaya haikuwazoea. Mwaka 1990 chama kikuu cha usajili wa mbwa cha Marekani kilifungua kitabu kilichofungwa ili kuwapokea. Ndipo, mwaka 2007, Chuo Kikuu cha Missouri kilipotoa kipimo cha vinasaba cha Fanconi, wafugaji walipokuwa na mahali pa kuchagua. Mbwa wa washenzi aliokolewa na mbwa waliobaki kwa washenzi.

Hapa ipo pingamizi ninayoiheshimu zaidi. Mtu atasema: mbwa wa kijijini ana afya kwa kuwa wadhaifu hufa wakiwa wadogo, hiyo ni kazi ya njaa na minyoo, wala si malezi. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Ulaya iliokoa mtoto mmoja mmoja ikapoteza afya ya ukoo. Kongo ilitunza ukoo ikapoteza watoto. Ila hakuna sharti la kuchagua kati ya hayo mawili. Ushahidi mmoja wa kale sana wa mbwa kutunzwa na watu unatoka Bonn-Oberkassel, Ujerumani, ambako mtoto wa mbwa alizikwa pamoja na mwanamume na mwanamke yapata miaka 14,000 iliyopita. Meno yake yana alama za ugonjwa unaodhaniwa kuwa distempa ile ile, na wachunguzi waliona asingeweza kuishi wiki alizoishi bila kuuguzwa. Hao walikuwa wawindaji wasio na kitabu cha nasaba, na bado walimuuguza mtoto wa mbwa asiyefaa kazi yoyote.

Kinachowapungukia mbwa wa vijiji vyetu ni chanjo, na chanjo imekwisha kututhibitishia jambo la uhusiano. Mwaka 1994 distempa iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na uchunguzi ukaelekeza kwa mbwa wa vijiji jirani. Jibu lililozoeleka lingekuwa bunduki. Kisiwa cha Flores, Indonesia, kilijaribu njia hiyo kichaa cha mbwa kilipoingia mwaka 1997. Mbwa wengi mno waliuawa na kichaa kikabaki. Kandokando ya Serengeti ikachaguliwa sindano, dhidi ya distempa na kichaa pia. Mpango kama huo hufaulu tu ikiwa watu watawaleta mbwa wenyewe, kwani inahitajika takriban asilimia 70 ya mbwa wachanjwe ili kichaa kikose pa kupita. Wakaletwa, wamefungwa kamba za katani na vipande vya kanga, mara nyingi na watoto. Ikaonekana kwamba wengi wa wale tuliozoea kuwaita mbwa koko wana wenyewe, wana majina, na wana mlango wanaolala. Tulidhani hawana watu kwa sababu hawana mkufu.

Pemba ni kisiwa cha Waislamu, na mbwa huko ni najisi kama alivyo kokote kwa Mshafi. Baada ya kampeni za chanjo, kichaa cha mbwa kiliisha kisiwani mwaka 2014. Kikarudi mwaka 2016 kutoka nje ya kisiwa, chanjo ikarudiwa, na kufikia mwaka 2018 kilikuwa kimetoweka tena. Waliochanjwa walikuwa mbwa wa kawaida wa vijijini, wa aina ile ile ambayo mlowezi wa Kenya angeiita shenzi.