Fizi za Mabaharia wa Vasco da Gama, na Meno Yetu Sisi

Kila mtoto wa Mombasa anaijua stori ya Vasco da Gama. Alifika Aprili 1498, akahisi anategewa mtego, akang'oa nanga akaenda zake Malindi, na nguzo yake iko kule mpaka leo. Lakini kuna kipande ambacho darasani huwa kinarukwa: hao jamaa walikuja na wagonjwa wa fizi.

Januari mwaka huo, wakiwa pwani ya Msumbiji, mabaharia walianza kuvimba miguu na mikono. Fizi zikafura zikafunika meno, kula wakashindwa. Hicho ni kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Walipotia nanga Mombasa, mfalme wa hapa akawapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Wagonjwa wakapona. Sasa sikia, yule aliyeandika shajara ya safari alisifu nini? Hewa! Eti hewa ya Mombasa ni nzuri.

Walipona bila kujua kilichowaponya, na ujinga huo uliwagharimu. Wakati wa kurudi kutoka India walikaa baharini karibu miezi mitatu. Fizi zikafura tena, watu kama 30 wakafa. Walipofika Malindi Januari 1499 ndipo wakaomba machungwa.

Mimi hapo naona kitu kimoja: fizi husema mapema. Siku hizi kiseyeye ni nadra, lakini ukipiga mswaki ukatema damu, kinywa kinakwambia kitu. Mara nyingi ni ukoga umekaa kwenye fizi. Wakati mwingine ni dalili ya sukari, na mwenyewe hujui kama unayo.

Najua kuna mtu wa Mji wa Kale atanijibu, "Sisi tuna mswaki bwana, dentisti wa nini?" Na ana hoja. Kabla ya plastiki, mswaki ulikuwa kijiti cha mti, watu wakisugua meno kabla ya swala, na hadi leo vijiti vinauzwa nje ya misikiti. Shirika la Afya Duniani lenyewe limewahi kuupendekeza. Yaani wazee wetu walitunza kinywa kila siku, meno yakiwa mazima.

Shida ni kwamba ukoga ukishaganda ukawa mgumu kama jiwe, hautoki kwa kijiti wala kwa brashi. Unataka vyombo vya daktari. Tundu lililojificha kati ya meno hulioni kwa kioo. Na ugonjwa wa fizi unakula mfupa ulioshika jino pole pole, bila maumivu. Siku unapoumwa kweli, mara nyingi kilichobaki ni kung'oa. Halafu tunatoka pale tukisema, "Wale kazi yao kung'oa tu!" Si tumewapelekea jino lililokwisha?

Na tukubali, tunakula vitamu. Mabuyu, achari ya sukari, kashata, soda. Mwaka 2024 Gavana Nassir alipotaka kupiga marufuku muguka, mji mzima ulibishana. Sawa, bishaneni, lakini mtu anayetafuna muguka kwa soda na jojo jioni nzima, meno yake yanaogelea kwenye sukari.

Kwa hivyo usingoje jino likukeshe. Nenda ukaangaliwe ukiwa mzima, mara moja au mbili kwa mwaka, daktari mwenyewe atakwambia yako ni baada ya muda gani. Kuziba tundu dogo ni bei nafuu kuliko kutibu mzizi, na kuliko kununua jino la bandia ukiwa na miaka 30.

Wale mabaharia wa 1498 hawakuwa na wa kumuuliza mbona fizi zinafura. Wewe unaye, tena umbali wa matatu moja. Mara ya mwisho kwenda kwa daktari wa meno bila kuumwa ilikuwa lini?