Merli (rangi ya mbwa)

Merli ni mpangilio wa rangi ya manyoya ya mbwa ambapo rangi ya msingi hufifia na kuacha mabaka yaliyokolea, yasiyo na umbo maalumu. Hupatikana hasa kwa mbwa wachungaji wa mifugo, kama vile Collie, Border Collie, Shetland Sheepdog na Australian Shepherd. Jeni inayoleta rangi hiyo inaweza pia kusababisha uziwi na kasoro za macho.

Urithi

Merli hutokana na kipande cha ziada cha DNA ndani ya jeni iitwayo PMEL. Ugunduzi huo ulichapishwa mwaka 2006. Mbwa mwenye nakala moja ya jeni hiyo huwa na mabaka ya kawaida. Wazazi wawili wenye nakala moja kila mmoja wakipandishwa, kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 25 wa kurithi nakala mbili. Mbwa huyo huitwa merli maradufu na mara nyingi huwa na weupe mwingi.

Uhusiano na uziwi

Seli zinazotengeneza rangi zinahitajika pia katika sikio la ndani, ambako husaidia kudumisha potasiamu katika majimaji ya koklea. Zikikosekana, seli zinazopokea sauti hufa wiki chache baada ya kuzaliwa, na hazioti tena.

Utafiti wa mbwa 153 wenye merli, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kuwa kati ya wenye nakala moja, asilimia 2.7 walikuwa viziwi wa sikio moja na asilimia 0.9 wa masikio yote mawili. Kwa merli maradufu, viwango vilikuwa asilimia 10 na 15.

Mbwa kiziwi anaweza kufundishwa kwa ishara za mikono, lakini anapowakabili kondoo huku amempa mchungaji kisogo, hawezi kupata amri.

Uchunguzi na kinga

Kupiga makofi hakutoshi kumtambua kiziwi wa sikio moja. Kipimo cha uhakika hurekodi umeme wa neva za kusikia na ubongo, na hufanyika kuanzia umri wa wiki 5 hivi.

Kinga ni kutopandisha merli kwa merli. Kwa kuwa baadhi ya mbwa hubeba jeni hiyo bila mabaka kuonekana, kipimo cha DNA kabla ya kupandisha huwaepusha watoto na hatari hiyo.