Kanisa la Ribe na Wale Waliobaki

Tukitaka kujua asili ya Kanisa la Methodist katika Kenya, hatuna budi kupanda vilima vilivyo nyuma ya Mombasa mpaka Ribe. Si mji mkubwa. Ni mahali pa wakulima na minazi yao, karibu na msitu wa Kaya Ribe, walimokaa wazee wa Waribe hapo kale. Huko ndiko mbegu ilikopandwa mwaka 1862.

Habari yake ndiyo hii. Dr. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akamzika huko mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Baadaye alirudi Ulaya kwa ajili ya ugonjwa. Wamethodisti wa Uingereza waliposoma kitabu cha safari zake, wakamwomba awaongoze, naye akaja na wenziwe wanne. Haukupita muda mrefu, wawili wakarudi kwao. Wa tatu akaugua akaondoka. Hata Krapf mwenyewe akashindwa na maradhi, akaaga. Akabaki Thomas Wakefield peke yake.

Mwaka 1863 akaja Charles New kumsaidia. Huyu ndiye aliyepanda Kilimanjaro mwaka 1871 hata akafika penye theluji, na mwaka 1875 akafa njiani akirudi kutoka Uchaga. Rebecca, mkewe Wakefield, alifika mwaka 1870. Mwaka 1873 akafariki, akazikwa Ribe. Tena mwaka 1886 John Houghton na mkewe Annie waliuawa Golbanti, penye Mto Tana, Wamasai walipokishambilia kituo kile.

Wengi wakisimulia habari hizi hukomea makaburini. Sisi twawaheshimu marehemu hao, lakini twauliza: wamisheni walipokufa na kuondoka, ni nani aliyepiga kengele Jumapili iliyofuata? Walikuwa watu weusi. Mmoja wao alikuwa William During, mchungaji Mwafrika aliyetoka Sierra Leone. Wengine walikuwa wenyeji wa vilima hivi, na wengine watumwa waliotoroka mashamba ya pwani wakakimbilia misheni.

Mabwana zao waliwadai warudishwe, na hofu ilikuwa kubwa. Mwisho bwana Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza alitoa fedha za kuwakomboa, na tarehe 1 Januari 1889 zaidi ya watu elfu moja wa misheni za pwani walipata hati za uhuru. Wengi wao hawakuwa na ukoo wa kurudia. Kanisa likawa ukoo wao; wakalima, wakaoa, wakasomesha watoto. Mtu asiye na pa kwenda ndiye aliyejua thamani ya kubaki.

Kutoka pwani kazi ilisonga mbele, ikafika Meru mwaka 1912, ambako makanisa ni mengi sasa. Mwaka 1967 Kanisa la Methodist la Kenya likajitawala lenyewe.

Je, sisi tulio walimu wa dini leo tufanye nini? Vijana wetu hushuka Mombasa kutafuta kazi, na katika makanisa mengi ya shamba wanaobaki ni wazee na watoto. Tusiwalaumu wanaokwenda, kanisa la shamba ni kama kitalu, ambacho kazi yake ni kutoa miche. Lakini kitalu kikikosa mtu wa kukimwagilia, hakuna miche tena.

Basi twaomba mambo mawili. Kwanza, kila kanisa liandike majina ya walimu na wazee wake wa kwanza, waume kwa wake, wangali hai wanaowakumbuka. Maana majina ya wageni yamo vitabuni, na ya baba zetu yamo vinywani tu. Pili, kila kanisa limtafute kijana mmoja aliye tayari kubaki, limfundishe, limtunze. Ribe ilianza kwa mtu mmoja aliyebaki. Mungu atujalie hata sasa wa namna hiyo. Amina.